Timu ya zamani ilikuwa na nani? Mazungumzo kutoka Kolwezi

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na timu yetu ya Kolwezi mbele ya washirika wa kazi ya amani wa Lualaba na Haut-Katanga. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.



Tumeombwa tuseme juu ya kumbukumbu na mapatano. Tumechagua kusema juu ya mpira wa miguu. Labda wengine watafikiri kwamba tumewekwa saa hizi za baada ya chakula ili watu wapumzike kidogo. Lakini kwetu Kolwezi mpira umekuwa mlango wa nyuma wa nyumba ambayo mlango wake wa mbele umefungwa kwa muda mrefu.

Tueleze. Tukifika katika mtaa wa komini ya Manika au ya Dilala na kuita mkutano juu ya yale yaliyotokea mwaka 1992 na 1993, watu wanakuja. Wanakaa kwa heshima, wanakubali kwamba amani ni kitu kizuri, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanachukua pesa ya usafiri na kurudi kwao. Hakuna aliyesema neno. Lakini tukiwauliza wazee wawili ni Mazembe ipi iliyokuwa na nguvu zaidi, ile ya 1968 au ile ya 2010, basi hakuna anayerudi nyumbani kabla ya giza. Wanainuka, wanaonyesha kwa miguu jinsi bao lilivyofungwa, wanaitana waongo kwa furaha. Na katikati ya kelele hiyo, bila mtu kuombwa, mambo mengine yanaanza kutoka.

Kwa ndugu wageni waliotoka mbali, tutaje habari zenyewe kwa ufupi. Tout Puissant Mazembe ni timu ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto. Zamani iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Kwa jina hilo ilichukua Kombe la Afrika la klabu bingwa mwaka 1967 na tena 1968, na ikacheza fainali ya 1969 na ya 1970 pia. Fainali nne mfululizo. Mwaka 1980 ikachukua Kombe la Washindi. Kisha ukaja ukame mrefu, mpaka 2009 na 2010 iliporudi kuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Desemba 2010 kule Abu Dhabi ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Tulifungwa na Inter ya Milan 3-0, lakini wazee wetu wakisimulia hawafiki huko. Wanaishia kwa golikipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio juu ya nyasi.

Kolwezi iko karibu kilomita 300 kutoka Lubumbashi. Watu wengi wa hapa waliisikiliza timu hiyo redioni tu. Wengine walikuwa upande wa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, na hao wanazo hadithi zao, pamoja na ubingwa wa taifa wa 2002 ambao hawaachi kuutaja. Tena kila kambi ya Gécamines ilikuwa na timu yake, na kila mtaa. Kwa hiyo tukisema "timu ya zamani" katika mazungumzo haya, mara nyingine tunasema Mazembe, na mara nyingine tunasema timu ndogo ya kambi ambayo haikuandikwa katika gazeti lolote. Wazee wenyewe wanachanganya hivyo hivyo, na tumeona kwamba kuchanganya huko kuna maana yake.

Maana wakiimba sifa za timu, hawaimbi mpira peke yake. Mzee mmoja, aliyekuwa fundi wa umeme kiwandani, alituambia: "Ile wakati tulikuwa bantu." Alianza kusema juu ya bao, akaishia kwenye mfuko wa unga. Siku ya posho, bukari na samaki, hospitali ya kampuni ambako hukulipa kitu, shule ambako mtoto alipewa daftari, mshahara uliofika siku yake. Kampuni ilikuwa baba na mama. Jumapili alasiri baba huyo alikupatia mpira pia, na jezi, na lori la kwenda Likasi kucheza na wenzenu wa huko. Katika kumbukumbu yake vitu hivi vyote ni kitu kimoja. Timu ilikuwa nzuri kwa sababu maisha yalikuwa mazuri, na maisha yalikuwa mazuri kwa sababu... Hapa ndipo lazima tusikilize vizuri, kwa sababu mwisho wa sentensi hiyo haufanani kwa kila mtu.

Mmoja anamaliza: kwa sababu kulikuwa na kazi. Mwingine: kwa sababu wakubwa hawakuwa wamekula kampuni. Na mara nyingine, kwa sauti ya chini, mtu anamaliza: kwa sababu tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, wageni hawakuwa wamejaa.

Sentensi hiyo ya tatu ndiyo iliyotuleta mbele yenu leo. Tumeisikia midomoni mwa wazee wema kabisa, watu wanaosali, watu wanaotoa maji kwa jirani. Na tumeisikia ikirudiwa na vijana wa miaka 20 ambao hawakuiona hata siku moja ya miaka hiyo wanayoililia. Kijana anakuwa na uchungu wa kitu ambacho hakukipoteza yeye. Uchungu wa namna hiyo ni mwepesi kutumiwa na mtu mwingine.

Tumefanya nini? Hatukuleta semina. Tulileta tarehe, na chaki.

Tuanze na tarehe. Tunaandika ubaoni miaka ya timu upande mmoja na miaka ya mji upande mwingine, na tunawaachia watu wenyewe waone. Mwaka 1967: Union Minière inachukuliwa na serikali mwezi wa kwanza, na mwaka huo huo Englebert wanapata kombe lao la kwanza, baada ya Asante Kotoko ya Ghana kutofika kwenye mchezo wa kuamua. Hapo wazee wanafurahi, maana tarehe hizo zinakubaliana nao. Lakini ongezeni nyingine. Mwaka 1977 na 1978 ni vita vya Shaba. Mwezi wa tano 1978 maiti zilikuwa katika barabara za Kolwezi, na askari wa Ufaransa walishuka kwa parachuti. Hiyo pia iko ndani ya "wakati mzuri", na watu waliiweka pembeni. Mwaka 1986 Gécamines inatoa karibu tani 476,000 za shaba, kiasi kikubwa kuliko wakati wowote wa historia yake. Je, mwaka 1986 Mazembe ilichukua kombe gani la Afrika? Hakuna. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto unabomoka. Mwaka 1993 shaba haifiki hata tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wanaondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi wenu mnajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani. Halafu 2009, 2010: makombe mawili.

Mara ya kwanza tulipoandika hivyo katika mtaa mmoja, kimya kilikuwa kirefu. Miaka ya utukufu mkubwa kuliko wote wa timu ilikuja wakati kampuni ilikuwa imekwisha anguka, na watoto wa wafanyakazi wake walikuwa wakichimba kwa mikono. Miaka ya shaba nyingi, timu haikuwa na kitu. Mzee wetu fundi wa umeme alitazama ubao na kusema kwamba chaki yetu ni ya Lupopo. Watu walicheka sana. Lakini wiki iliyofuata alirudi.

Kisha tunauliza: timu hiyo nzuri ilikuwa na nani?

Kuhusu Mazembe swali hili ni rahisi. Mwaka 2015 ilichukua Ligi ya Mabingwa kwa mara ya tano, dhidi ya USM Alger. Walishinda 2-1 kule Algiers na 2-0 nyumbani Lubumbashi. Mabao manne. Kalaba alifunga moja, naye ni Mzambia. Samatta alifunga mawili kwa penalti, naye ni Mtanzania aliyetoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011. Assalé alifunga la mwisho, naye ni wa Côte d'Ivoire. Tunawauliza vijana wanaosema timu ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa ya wana wa nchi: katika mabao hayo manne, la mwana wa nchi ni lipi? Na mwaka huo huo wa 2015 ndio Katanga ilipokatwa majimbo manne na Lualaba yetu ikazaliwa. Wakati viongozi walipokuwa wakipanga nani ni wa wapi, mji mzima ulikuwa barabarani ukiimba jina la Mbwana Samatta.

Tukirudi nyuma ni hivyo hivyo. Wazee wakitaja mshambuliaji wa Englebert ya miaka ya 1960, wanamtaja Pierre Kalala Mukendi. Wakitaja golikipa wa Mazembe aliyesimama langoni mwa timu ya taifa mwaka 1974, wanamtaja Kazadi Mwamba. Kalala, Mukendi, Kazadi: majina haya utayakuta kwa Waluba wa Katanga na utayakuta kwa Waluba wa Kasai. Uwanjani hakuna aliyeuliza ni la upande gani. Miaka ishirini na kitu baadaye, katika mitaa hii hii, jina la namna hiyo lilitosha jirani akutazame mara mbili.

Sasa tufike kwenye chaki yenyewe, na hapa tutakaa kidogo.

Tunawaomba wazee wa mtaa wachore uwanja chini, juu ya simenti au juu ya udongo uliofagiliwa. Kisha waweke kikosi cha timu yao ya kambi, mchezaji kwa mchezaji, mahali kwa mahali. Kila anayetaja jina anaweka jiwe. Kanuni ni moja tu: ukiweka jiwe, useme mtu huyo alikuwa anafanya kazi gani, alikuwa anaishi wapi, na alienda wapi.

Golikipa: alikuwa seremala, alifariki. Beki wa kulia: yuko, ndiye yule anayeuza saruji pale njia panda. Beki wa kati: alienda Zambia. Namba sita: yuko hapa, inua mkono mzee. Winga wa kushoto, ah, winga wa kushoto! Kila mtu anasema kwa pamoja. Alikuwa na mbio, alikuwa na mguu. Alikuwa mwana wa dereva wa lori, kambi fulani, nyumba ya pili toka bomba. Na alienda wapi?

Hapo sauti zinashuka. Katika mitaa yote tuliyofanya kazi hii, hapo sauti zinashuka. Mwishowe mtu anasema maneno mawili: "Alipandaka treni."

Kwa wale ambao hawakuwa hapa, treni hiyo ni hii. Kampuni ilianza kuwaleta watu wa Kasai kufanya kazi migodini tangu miaka ya 1920, na reli iliunganisha Katanga na Kasai mwaka 1928. Watoto wao walizaliwa hapa, na watoto wa watoto. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi alichaguliwa kuwa waziri mkuu, nafasi iliyokuwa ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga, na katika jimbo letu, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, vijana wa chama cha UFERI waliingia katika mitaa. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Tunalitamka neno hilo hapa kwa sababu bila hilo hamtaelewa jinsi jirani wa miaka 30 alivyoweza kufukuzwa. Likasi ilianza Septemba 1992, Kolwezi ikafuata Machi 1993. Mamia ya maelfu ya watu waliondolewa Katanga. Walikaa stesheni kwa majuma na miezi wakingoja gari la moshi, chini ya mahema na katika mashule, na wengi walikufa pale pale au njiani, hasa watoto.

Winga wa kushoto alikuwa mmoja wao. Na mara tu alipotajwa, watu wanatazama yale mawe. Kiungo mmoja, naye pia. Mwalimu wa timu, naye pia. Katika mtaa mmoja mawe manne kati ya kumi na moja yalikuwa ya watu wa treni. Hatukusema kitu. Hatukuwa na haja. Mzee aliyekuwa amesema kwamba timu ilikuwa nzuri kwa sababu "tulikuwa wenyewe kwa wenyewe" alikuwa ameweka mwenyewe mawili kati ya hayo manne, tena kwa sifa.

Tunapenda kusema hapa jambo ambalo pengine washirika wetu wa ng'ambo hawatalipenda. Katika vitabu vya mafunzo tumesoma kwamba kutamani zamani ni hatari, kwamba kunawafunga watu wasitazame mbele. Sisi tunaona tofauti. Kutamani kwa jumla, "zamani ilikuwa nzuri", ndiko kwenye hatari, kwa sababu zamani isiyo na majina inaweza kujazwa na mtu yeyote kwa kitu chochote. Lakini shabiki wa kweli hatamani kwa jumla. Anakumbuka dakika. Anakumbuka mguu gani, mvua ilinyesha au la, nani alitoa pasi. Usimzuie. Mwache akumbuke zaidi, mwombe akumbuke kila kitu, na kumbukumbu yake mwenyewe itamwambia nani alikuwepo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianza mwaka 2000 kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za watu wa mji ule, pamoja na vitu vyao na picha zao. Kazi yetu ni ndogo sana mbele ya ile, lakini tumejifunza kutoka kwake kumheshimu mzee kama mtu anayejua.

Si kila mtu anayefurahia vikao hivi. Mama mmoja alisimama akasema wanaume wanalilia Jumapili zao. Yeye, alisema, matokeo ya mchezo aliyajua kwa namna mlango ulivyofunguliwa jioni. Kama mlango umefunguliwa taratibu, Mazembe imeshinda. Akina mama wote walicheka, na wanaume wachache walitazama chini. Tangu siku hiyo tunaweka pia kikao cha akina mama peke yao, na humo ndimo tulimosikia mengi juu ya stesheni: nani alipika uji, nani alificha mtoto wa jirani chini ya kitanda, nani alikataa kufungua. Wasichana wao wana mambo mengine ya kusimulia. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake kule Morocco, kwa kuifunga AS FAR ya huko 1-0. Kwa msichana wa miaka 15 wa Manika, miaka mizuri ya timu ni sasa hivi.

Vijana wachimbaji nao walitujibu kwa ukali, na walikuwa na haki. "Nyinyi wazee mnalilia timu, sisi tunalilia kazi." Mnajua hali yao. Tangu 2014, kobalti ilipopatikana chini ya nyumba za Kasulo, watu wamekuja Kolwezi kutoka kila upande, na wengi wanatoka Kasai. Wengine ni wajukuu wa wale wa treni. Anafika kijana na begi moja, anatafuta shimo, anaambiwa rudi kwenu. Naye anajibu: "Baba yangu alizaliwaka hapa." Hawezi kuonyesha karatasi. Lakini mara mbili sasa tumeona kitu hiki: kijana kama huyo ameketi nyuma katika kikao, mzee ameweka jiwe la winga wa kushoto na kutaja jina lake, na kijana amesema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni babu yake, baba wa mama. Mzee alimtazama miguu kwanza kabla ya uso. Hatutasema zaidi juu ya siku hiyo.

Tunaomba pia mjihadhari na jezi. Nyeusi na nyeupe si rangi tu tena. Moïse Katumbi ni rais wa Mazembe tangu 1997, alikuwa gavana wa Katanga toka 2007 hadi 2015, na Desemba 2023 alikuwa mgombea urais wa nchi. Vijana wengine walituambia kwamba wakati wa kampeni walikunja jezi zao na kuziweka chini ya godoro, kwa sababu kuivaa kulikuwa kama kutangaza kura. Sisi hatusemi nani ampigie nani. Tunasema tu kwamba wanasiasa wa kila upande wanajua nguvu ya miaka hiyo mizuri, na kila uchaguzi mipira na jezi vinagawiwa mitaani. Kikao chetu hakipokei jezi kutoka kwa mtu yeyote. Mara moja tulitolewa mipira kumi mipya, ya ngozi, tukaikataa, na watoto wa mtaa walitununia mwezi mzima.

Mwisho tuseme juu ya nyumba, kwa kuwa washirika wa Likasi walituuliza asubuhi kama kazi hii imeleta kitu cha kushika mkononi.

Mliokuwa Gécamines mnajua: wafanyakazi waliishi katika nyumba za kampuni, na baadaye nyumba nyingi ziliuzwa kwa waliokuwa ndani yake. Waliopanda treni hawakuwa ndani. Katika mtaa mmoja, ambao hatutautaja, kikao cha chaki kilimtaja kiungo wa timu, na mtu akasema nyumba yake ilikuwa ile yenye mwembe. Nyumba ile ina watu. Wameinunua, wana karatasi, wamezaa na kuzika humo. Hawakumfukuza mtu, walifika mwaka 1996. Binti wa kiungo yule amerudi Kolwezi, anapanga chumba karibu na soko, na alisikia kwamba nyumba ya baba yake imetajwa.

Hapa furaha ya mpira inafika mwisho wake na mambo magumu yanaanza. Sheria iko upande wa karatasi. Kumbukumbu ya mtaa iko upande wa binti. Familia ya ndani ilikuwa na hofu, na mtoto wao mkubwa alitamka vitisho ambavyo tulivichukua kwa uzito, tukamjulisha mkuu wa mtaa usiku ule ule. Tumekaa nao mara tano. Binti hadai kuwatoa. Anadai mambo mawili: baba yake, aliyefia Mwene-Ditu, ataje kwa jina mbele ya mtaa kama mtu aliyeishi pale kwa haki, na yeye apewe kona ya kiwanja ajenge chumba cha biashara. Jambo la kwanza limekubaliwa. Wazee wanne wa timu walikuja kusema mbele ya mkuu wa mtaa, na mmoja alileta picha ya kikosi, imekunjika katikati, kiungo amepiga goti mstari wa mbele na mpira mkononi. Nakala yake imewekwa katika faili.

Jambo la pili bado. Baba wa familia anasema kona ni ya kuku. Mke wake anasema kuku wanaweza kuhama. Tutakaa nao tena Jumamosi, saa tisa, chini ya mwembe, na mkuu wa mtaa atakuja na mtu wa kupima kiwanja. Tumewaomba wazee wa timu waje pia, na wamesema watakuja kama tutamaliza kabla ya mchezo wa saa kumi.